Kisa cha Haydom: kozi ya siku moja, dakika chache za kila wiki, na mtoto ambaye hajalia

Nianze na usiku mmoja wa mwaka wangu wa utarajali, mana bila huo usiku nisingekuwa naandika hapa. Niko leba, zamu ya usiku, inakaribia saa tisa, mama kajifungua na mtoto katoka kalegea, rangi ya bluu, halii. Na mimi nilikuwa na cheti, yani nilishafanya kozi ya kusaidia vichanga kupumua, siku nzima tulikaa darasani na mwanasesere nilimpa hewa vizuri kabisa mpaka mwalimu akasema wengine waangalie mkono wangu. Ilikuwa imepita kama miezi mitano tu. Nikashika ambu, ule mfuko wa kuminya kwa mkono unaompa mtoto hewa, nikakuta imefungwa maski kubwa, nikaanza kutafuta ndogo, katikati ya kutafuta nikakumbuka ute haujanyonywa, nikaacha maski nikaenda kwenye kinyonya ute, na pale pale mkunga mmoja mtu mzima, wala hakunisemesha, alinisogeza kwa bega, akamkausha mtoto kwa nguvu, akamsugua mgongo, akaweka maski akaanza kuminya. Mtoto akalia. Mimi nimesimama na mpira wa kunyonya mkononi.

Kilichonisumbua ni kwamba ungeniuliza hatua zote usiku ule ule ningekutajia bila kukosea hata moja. Kwa hiyo sikuwa nimesahau. Sasa kilitokea nini? Jibu nililipata miaka kadhaa baadaye niliposoma kwa makini yaliyofanyika Haydom, na nadhani kila anayefundisha madaktari tarajali au wanaosomea ubingwa anatakiwa akijue hiki kisa chote, sio ile nusu ambayo watu wanapenda kuisimulia.

Haydom ni hospitali ya Kilutheri, iko wilaya ya Mbulu mkoani Manyara, ilianzishwa na wamisionari kutoka Norway mwaka 1955. Ukitoka Arusha mjini ni kama kilomita 300. Kipindi ninachokizungumzia, yani 2010 na 2011, walikuwa wanazaliwa pale watoto karibu elfu tano kwa mwaka, na wanaohudumia leba wengi ni wakunga, daktari anaitwa kukiwa na shida.

Mwaka 2010 ndo ulizinduliwa ule mpango wa Helping Babies Breathe, wa chama cha madaktari wa watoto wa Marekani wakishirikiana na wenzao. Wazo lake ni zuri na halina makuu. Watoto wengi wanaozaliwa hawajapumua hawahitaji mashine, wanahitaji mtu awakaushe, awasugue, anyonye ute kama upo, na wakiwa bado hawajapumua awape hewa kwa ambu na maski, na yote hayo yaanze ndani ya dakika moja ambayo wenyewe wanaiita dakika ya dhahabu. Kozi ni ya siku moja, michoro mikubwa ya rangi, na mwanasesere anayejazwa maji ili awe na uzito na ulegevu wa mtoto kweli, mwalimu anaminya kibofu cha mpira na kitovu kinadunda, anaminya kingine anapumua. Kilikuwa kifaa kizuri mno kwa bei yake.

Haydom walifanya kozi hiyo Aprili 2010. Kinachokifanya hiki kisa kiwe cha pekee ni kwamba tayari pale kulikuwa na utafiti unaendelea, kuna waangalizi waliofundishwa, wana saa za kuhesabu sekunde, wanakaa leba usiku na mchana wakiandika kila mtoto anavyozaliwa: amesuguliwa saa ngapi, amenyonywa, hewa imeanza sekunde ya ngapi. Kwa hiyo kwa mara moja ungeweza kuona vitu viwili kwa pamoja, mtu anavyofanya kwa mwanasesere na watu hao hao wanavyofanya kwa mtoto wa kweli. Sehemu nyingi tunafundisha halafu hatuangalii kabisa, tunarudi nyumbani.

Miezi saba baada ya kozi wakawapima tena kwa mwanasesere. Kabla ya kozi waliofaulu zoezi la huduma ya kawaida ya mtoto walikuwa 41%, sasa wakawa 74%. Zoezi la kumsaidia mtoto asiyepumua lilipanda kutoka 18% hadi 74%. Miezi saba, jamani, sio jioni ile ile! Semina yoyote ingejivunia hayo majibu, ripoti ingeandikwa na mfadhili angefurahi.

Halafu wakafungua daftari za wale waangalizi wa leba. Watoto wanaonyonywa ute na kupewa hewa: hakuna kilichobadilika. Kusugua watoto ili wapumue, kitu rahisi kuliko vyote, kulipungua.

Hapo ndo pa kukaa. Watu wengi wakisimulia hiki kisa wanasema wahudumu walisahau, wanaleta na ule mchoro wa Hermann Ebbinghaus, yule Mjerumani aliyejifunzia mwenyewe silabi zisizo na maana akapima anavyozisahau na kuchapisha kazi yake mwaka 1885, kwamba kumbukumbu inaporomoka haraka siku za kwanza halafu inapungua taratibu. Ni kweli inaporomoka. Lakini Haydom hawakuwa wamesahau, kwa mwanasesere miezi saba baadaye robo tatu yao wanafaulu! Ujuzi ulikuwepo, ulikuwa umekaa mahali ambapo mtu akipewa mwanasesere na kuambiwa "haya onyesha" unatoka, ila mtoto wa kweli akitoka kalegea, mama analia, damu inatoka, mwenzako anakuita kitanda cha pili, hautoki, au unatoka umechelewa. Ndo kilichonipata mimi usiku ule, neno kwa neno.

Na kuchelewa kwenye hili jambo kuna bei inayojulikana. Hao hao wa Haydom walichapisha mwaka 2012 kwamba kwa mtoto anayehitaji hewa ya ambu, kila sekunde 30 unazochelewa kuanza hatari ya kufa au kulazwa muda mrefu inaongezeka kwa 16%. Sekunde 30 ni muda wa kutafuta maski ndogo kwenye droo. Nikisoma hii namba huwa nausikia ule usiku wangu wote.

Februari 2011 wakabadilisha namna ya kufundisha. Mafunzo ni yale yale na mwanasesere ni yule yule, ila sasa mazoezi yakahamia leba kwenyewe, mafupi ya dakika tatu mpaka tano, kila wiki. Wakafanya hivyo mwaka mzima mpaka Januari 2012, kisha wakalinganisha na mwaka uliotangulia.

Mwaka wa kabla walizaliwa watoto 4,894, mwaka wa mazoezi mafupi 4,814, kwa hiyo karibu sawa. Waliosuguliwa walipanda kutoka 14.5% hadi 16.3%. Walionyonywa ute kutoka 13% hadi 15.8%. Waliopewa hewa kwa ambu wakapungua, kutoka 7.3% hadi 5.9%, na wengi wakifika hapa wanashtuka, wanauliza mbona wamefundishwa kutoa hewa halafu wanatoa kidogo? Mimi naona ndo alama nzuri kuliko zote, mana mtoto aliyekaushwa na kusuguliwa mapema mara nyingi anaanza kupumua mwenyewe kabla hujafika kwenye ambu, wanaobaki ni wale wanaoihitaji kweli. Na vifo vya ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 kwa kila watoto 1,000 hadi 7.2. Ukipiga hesabu ni kama watoto 54 mwaka wa kwanza na kama 35 mwaka wa pili. Watoto kumi na tisa kwa hospitali moja ya kijijini.

Sasa tuwe wakweli, huu ni ulinganisho wa kabla na baada, hakukuwa na hospitali ya pili iliyoachwa bila mazoezi ili tulinganishe, na tofauti ya vifo kitakwimu ilivuka mstari ila sio kwa mbali. Mwaka mmoja na mwingine vinaweza kutofautiana kwa mambo mengi. Mimi kinachonifanya niamini ni mpangilio mzima, yani vitendo vya leba vilibadilika kwanza kwa upande unaoeleweka, havikubadilika baada ya kozi kubwa vikabadilika baada ya dakika chache za kila wiki, na vifo vikafuata huko huko.

Halafu angalia muda. Chukua dakika nne kwa wiki, zidisha wiki 52, unapata dakika 208, hazifiki hata saa tatu na nusu. Kwa mtu mmoja hiyo ni pungufu ya ile kozi ya siku moja! Kwa hiyo ni vigumu kusema walifaulu kwa sababu tu ya wingi wa saa za kusoma. Ule muda mdogo uligawanywa, ukawekwa mahali kazi inapofanyika.

Kwa wanaosema hayo ni ya wakunga na daktari ni kitu kingine, kuna kisa cha Toronto kilichochapishwa 2006 na Carol-Anne Moulton na wenzake. Walichukua madaktari 38 walio mwanzoni mwa kusomea upasuaji, wakawafundisha kuunganisha mishipa midogo ya damu kwa hadubini, mafunzo ya vipindi vinne. Nusu walimaliza vipindi vyote vinne siku moja, nusu walifanya kipindi kimoja kwa wiki kwa wiki nne. Walimu wale wale, saa zile zile. Mara tu baada ya kumaliza wote walionekana wameiva. Mwezi mmoja baadaye wakaitwa kuunganisha mshipa mkubwa wa panya hai aliyepigwa usingizi, na hapo ndo wakaachana: waliogawanya wiki walikuwa wepesi zaidi, mikono yao ilifanya mizunguko michache, na mabingwa waliowapa alama bila kujua nani ni nani waliwapa za juu. Katika kundi la siku moja, 16% walishindwa kabisa kumaliza, waliuharibu mshipa wa panya kiasi cha kutorekebishika.

Unaona inafanana vipi na Haydom? Tofauti haikuonekana darasani, ilikuja kuonekana kwenye kiumbe hai baada ya muda kupita. Na ndo maana sisi walimu tunadanganyika kirahisi sana, mana tunapima jioni. Semina zetu zina mtihani wa kuanzia asubuhi na mtihani wa kumalizia saa kumi jioni, alama zimepanda kutoka 45 hadi 85, tunapiga makofi, kumbe saa kumi jioni ni wakati mbaya kuliko wote wa kupima. Wanasaikolojia wawili, Roediger na Karpicke, walilionyesha hilo wazi kabisa mwaka 2006 kwa wanafunzi wa chuo Marekani: waliosoma habari mara mbili walikumbuka 81% dakika tano baadaye, waliosoma mara moja kisha wakajipima wakakumbuka 75%, kwa hiyo aliyerudia kusoma kashinda. Wiki moja baadaye imegeuka, aliyerudia kusoma kabaki na 42% na aliyejipima ana 56%. Ukiwapima dakika ya tano utachagua njia mbovu na utaichagua kwa moyo mweupe kabisa, ukiwa na ushahidi mkononi.

Tuliosoma udaktari tunaijua hii kwa miili yetu. Unapiga msuli wiki mbili kabla ya mtihani, macho mekundu, unaingia unafaulu, hakuna sapu, halafu ukifika wodini daktari bingwa anakuuliza dozi ya magnesiamu kwa mama mwenye kifafa cha mimba na unabaki unaangalia ukuta, na uliijibu mwaka wa nne ukapata alama zote. Wanafunzi wanaiona kama aibu yao binafsi, wanadhani wana vichwa vizito. Sio vichwa, ni jinsi tulivyowapangia. Kule Boston kuna daktari wa upasuaji wa njia ya mkojo, Price Kerfoot, aliliona hilo akaanza kuwatumia madaktari wanaosomea ubingwa maswali machache kwa imeili, swali leo, jibu na maelezo hapo hapo, halafu swali lile lile linarudi baada ya wiki kadhaa, na mwaka 2007 alichapisha majaribio kwa mamia ya madaktari wa Marekani na Kanada akiwalinganisha na waliopewa maswali hayo yote kwa mpigo mmoja. Waliogawiwa kidogo kidogo walikumbuka vizuri zaidi. Hiyo ya maswali kwa simu inafaa kwa dozi, dalili, vigezo, vitu vya kichwani. Mkono unataka mwanasesere.

Na hapa nadhani tunachanganya mambo mawili. Kuna kurudia ili usisahau na kuna kurudia ili mwili uanze wenyewe bila kuagizwa. Kwa Haydom tatizo lilikuwa la pili. Ukifanya zoezi Jumatatu asubuhi leba, na mwenzako unayekesha naye, kwa ambu ile ile mtakayoitumia usiku, mnagundua pale pale kwamba maski ndogo haipo, mnaitafuta, mnaiweka mahali pake. Zoezi la wiki linafundisha mtu na pia linakagua chumba. Kozi ya hotelini ina maski zote, zimepangwa, kwa hiyo haikufundishi kitu kuhusu droo yako. Hii faida sijaona ikitajwa vya kutosha.

Wengine watauliza kama Haydom ilikuwa bahati ya hospitali moja yenye watafiti na wafadhili. Mwaka 2025 yalichapishwa majibu ya mpango wa Safer Births, uliokua kutokana na kazi hiyo hiyo, kwenye vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Vifo vya watoto karibu na kuzaliwa, wanaozaliwa wafu pamoja na wanaofariki siku za mwanzo, vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila 1,000. Mle ndani kuna mazoezi ya mara kwa mara wodini ila kuna na vifaa vipya vya kusikiliza mapigo na kutoa hewa, kwa hiyo siwezi kukuambia kiasi gani ni cha mazoezi peke yake. Lakini ni vituo 30 vya kawaida vya Tanzania, wahudumu wa kawaida, foleni za kawaida.

Kwa nini basi bado tunafundisha kwa semina kubwa? Nitasema ninavyoona. Semina ina bajeti, ina posho, ina cheti na picha ya pamoja, na ripoti yake inaandikika: wamefundishwa watu 40. Dakika nne za Jumatatu hazina posho, hazina cheti, na hakuna fomu ya kuzijaza. Silaumu mtu anayeifuata posho, mishahara tunaijua. Ila anayepanga bajeti angeweza kuikata ile semina ya siku tatu ikawa siku moja, na kilichobaki kikamlipa mkunga mmoja au daktari mmoja kwa kila wodi asimamie zoezi la wiki mwaka mzima. Kozi ya mwanzo inahitajika, Haydom wenyewe walianza nayo, huwezi kurudia usichowahi kuonyeshwa.

Watarajali wana shida yao ya ziada, wanahamahama. Anakaa uzazi miezi michache, anaenda upasuaji, anaenda watoto, anaenda magonjwa ya ndani. Mazoezi ya leba anayaacha anapohama, na zamu ya usiku anaweza akaitwa leba tena akiwa miezi hajagusa ambu. Kwa hiyo ninaowasimamia mimi hawaachi zoezi wanapohama, kila mtarajali popote alipo anapita leba mara moja kwa wiki mbili, dakika tano, kabla ya ripoti ya asubuhi. Anamkuta mkunga wa zamu, wanafanya pamoja, mmoja anashika saa. Haturuhusu kusema kwa mdomo "hapa ningempa hewa", anatoa hewa kweli, kifua cha mwanasesere kinapanda au hakipandi. Akikosea anarudia pale pale mara moja, basi, anaenda ripoti. Mwanzoni walilalamika kwamba wanachelewa, nikaongea na wakuu wa wodi ripoti ikasogezwa dakika kumi.

Kitu kilichotuchukua muda mrefu kuliko vyote kilikuwa kabati. Mwanasesere alikuwa anafungiwa ili asipotee, na funguo anayo sista kiongozi ambaye saa kumi jioni ameshaenda nyumbani, kwa hiyo zamu ya usiku, ambao ndo wanamhitaji zaidi, hawakuwahi kumgusa. Tulibishana karibu mwezi mzima nani atawajibika akipotea. Mwishowe yule mkunga aliyenisogeza kwa bega, ambaye sa hivi amebakiza mwaka astaafu, akasema aandikwe yeye kwenye daftari la mali. Sasa mwanasesere yupo juu ya meza ya kuhudumia watoto, amejazwa maji, pembeni yake ambu yenye maski ndogo imeshafungwa.